Gari la Viti Viwili katika Barabara za Lubumbashi

Gari dogo la spoti, lenye viti viwili na paa la turubai linalokunjwa, lilienezwa na Waingereza. MGB ilitengenezwa kuanzia mwaka 1962 hadi 1980, nayo ilizidi magari nusu milioni kwa sababu mtu wa mshahara wa kawaida aliweza kuinunua. Wajapani wakaja kuliboresha. Mwaka 1979 mwandishi wa magari kutoka Marekani, Bob Hall, alimshauri Kenichi Yamamoto wa kampuni ya Mazda atengeneze gari la namna hiyo. Miaka kumi baadaye, katika maonyesho ya Chicago ya Februari 1989, Mazda ilizindua MX-5, ambayo Japani iliuzwa kwa jina la Eunos Roadster. Mhandisi aliyeongoza kazi hiyo, Toshihiko Hirai, alishikilia wepesi kuliko kitu kingine chochote. Gari hilo la kwanza lilikuwa na uzito wa kilo 950 hivi, injini ya lita 1.6 mbele, magurudumu ya nyuma yakilisukuma, na uzito umegawanyika karibu nusu kwa nusu kati ya mbele na nyuma. Aprili 2016 Mazda ilitimiza MX-5 milioni moja.

Toyota nayo ilikuwa na MR2 tangu mwaka 1984, yenye injini nyuma ya viti. Toleo la mwisho, la 1999 hadi 2007, liliitwa MR-S huko Japani. Kwa mnunuzi wa Lubumbashi mwenye bajeti ndogo, hayo mawili ndiyo ya kufikiriwa kwanza. Yalitengenezwa kwa wingi, yamezeeka kiasi cha kushuka bei, na mitambo yake inafahamika kwa mafundi wa Toyota na Mazda za kawaida.

Raha ya gari la aina hii haimo katika kasi. Lubumbashi iko mita 1,200 hivi juu ya usawa wa bahari, na kwa hewa nyepesi ya huko injini isiyo na turbo hupoteza zaidi kidogo ya sehemu moja ya kumi ya nguvu zake. Injini ya MR-S iliyoandikiwa farasi 140 pwani inabaki na 120 na ushei. Hata hivyo gari lenyewe halifiki tani moja, kwa hiyo nguvu hizo zinatosha kabisa. Kinachompendeza dereva ni jinsi usukani unavyompa habari za barabara, jinsi gia inavyoingia kwa mwendo mfupi wa mkono, na jinsi kona ya kilomita 60 kwa saa inavyotosha kumchangamsha. Jioni za kiangazi, kati ya Mei na Septemba, wakati mvua haipo na anga ni safi, paa hufunguliwa. Juni na Julai baridi ya usiku huuma, lakini hita huwa inatosha.

Jambo linaloamua zaidi ni upande wa usukani. Kongo inaendesha kulia, ilhali magari mengi yaliyotumika hufika Lubumbashi kutoka Japani kupitia bandari ya Dar es Salaam. Yanapita Tunduma, yanavuka Zambia hadi mpaka wa Kasumbalesa, safari ya karibu kilomita 2,000, na usukani wake uko kulia. Kwa gari refu kimo kama Prado, hilo ni usumbufu. Kwa gari la viti viwili ni hatari halisi. Barabara ya Taifa namba 1, inayotoka Kasumbalesa kupitia Lubumbashi kuelekea Likasi, imejaa malori ya shaba na kobalti. Dereva aliyekaa chini, tena upande wa ukingo wa barabara, haoni chochote mbele ya lori mpaka alitoe gari zima kwenye njia ya wanaokuja. Bila abiria wa kumwangalizia, asijaribu kulipita lori. Kwenye kituo cha peaje, yaani cha kulipia barabara, atalazimika kunyoosha mkono juu ya kiti cha pili ili alipe. Taa nazo zina shida yake: zile zilizoundwa kwa nchi za kuendesha kushoto huelekeza mwanga kushoto, na katika Kongo mwanga huo huwapiga machoni wanaokuja. Mazda ya kwanza, ile ya taa zinazoinuka, ina nafuu hapa, kwa kuwa taa zake ni za duara za inchi saba na hubadilishwa bila gharama kubwa. Lakini suluhisho bora ni kutafuta gari lenye usukani wa kushoto, ambalo liliuzwa Ubelgiji na kwingineko Ulaya. Bei yake na usafiri vinaweza kuzidi vya gari la Japani. Tofauti hiyo inastahili kulipwa.

Baada ya usukani ni vipuri. MR-S inatumia injini ya lita 1.8 ya aina ya 1ZZ-FE, ileile iliyowekwa katika baadhi ya Corolla, Allion, Wish na RAV4 za miaka ya 2000. Kwa hiyo plagi, pampu ya maji, vihisio, hata injini nzima iliyotumika, hutafutwa mahali pale pale panapotafutwa vya magari hayo, na fundi wa Corolla hataikuta ngeni. Injini hiyo inatumia mnyororo wa taimingi, si mkanda. Kasoro yake inajulikana: za miaka ya mwanzo hula oili kwa sababu ya ringi za pistoni, hivyo kijiti cha oili kiangaliwe kila wiki. Rejeta iko mbele na injini iko nyuma, na mabomba marefu huziunganisha. Fundi akibadilisha maji bila kutoa hewa yote iliyonaswa humo, injini itachemka. Ziepukwe MR-S zenye gia ya SMT, isiyo na pedali ya klachi. Mtambo wake wa haidroliki ukiharibika, matengenezo yake ni ghali na wanaouelewa ni wachache.

Mazda ya kwanza ni rahisi zaidi kwa fundi. Mkanda wake wa taimingi hubadilishwa kila kilomita 100,000 hivi, na hata ukikatika njiani, valvu hazigongani na pistoni. Matairi yake ya 185/60 yenye rimu ya inchi 14 ni saizi ya magari madogo ya kawaida, wakati MR-S inadai saizi moja mbele na nyingine nyuma. Betri ya Mazda hukaa ndani ya buti na ni ya aina maalumu yenye bomba la kutolea mvuke nje. Ikiwekwa betri ya kawaida isiyo na bomba hilo, asidi hula bati la buti taratibu.

Adui mkubwa ni maji. Mvua za Lubumbashi, kuanzia karibu Novemba hadi Aprili, hushuka kwa nguvu. Maji yanayoteremka kwenye paa la turubai hukusanywa nyuma ya viti na kutolewa kwa mifereji myembamba ndani ya bodi. Vumbi jekundu la kiangazi likichanganyika na maua ya mijakaranda ya Septemba na Oktoba, mifereji hiyo huziba. Hapo maji huingia kwenye zulia na, kwa Mazda hasa, ndani ya vizingiti vya chini ya milango, ambavyo huoza kwa kutu kutoka ndani huku rangi ya nje ikiendelea kung'aa. Mwenye gari azibue mifereji kwa waya laini wa plastiki kabla ya mvua ya kwanza. Kazi hiyo haifiki nusu saa nayo huokoa gari zima. Filta ya hewa nayo isafishwe mara nyingi kuliko kitabu kinavyosema.

Umbali kati ya tumbo la gari na ardhi hauzidi sentimita 15. Lami ya katikati ya mji inapitika. Njia za udongo za mitaa ya Katuba au Ruashi baada ya mvua hazipitiki bila kugonga. Matuta yapandwe kwa mshazari, gurudumu moja moja. Lami yenye tope inataka uangalifu wa pekee kwa MR-S: dereva akiachia mafuta ghafla katikati ya kona, uzito wa nyuma hulizungusha gari bila onyo.

Viti viwili havitoshi familia, na buti haibebi gunia la unga. Mwenye fedha ya gari moja tu anunue Corolla. Aliye na gari jingine nyumbani atafute MR2 ya Ulaya ya gia za mkono au, kwa uendeshaji mtamu zaidi, Mazda ambayo vizingiti vyake havijaoza. Kabla ya kutuma pesa adai picha za chini ya gari, kisha aulize ofisi ya forodha, DGDA, masharti ya umri wa gari na upande wa usukani yanayotumika mwezi huo.