Sokoni ni Sokoni, Msibani ni Msibani

Anayeuza ndizi kule Mwika au mitumba pale Kiboriloni hakatazwi kupaza sauti. Anayepita anajua kwamba anaitwa kwa ajili ya fedha yake. Lakini mtu huyo huyo akisimama msibani, watu wamekaa migombani wanasubiri jeneza, akaanza kutaja bei ya mabati, wazee watamshika mkono na kumtoa taratibu.

Siku hizi shughuli nyingi za msiba zimehamia kwenye simu. Ukoo una kundi lake la WhatsApp, na humo ndimo walioko Dar es Salaam na Mwanza wanapopata habari za mgonjwa, siku ya mazishi na namba ya kutumia mchango. Na humo humo ndimo wanapoingia wenye viungo. Sisemi vya pilau; nasema yale maandishi ya kubonyeza yanayokupeleka dukani kwa mtu. Binamu yangu alikosa maziko ya shangazi yetu kwa sababu saa ya ibada ilibadilishwa asubuhi, na ujumbe ukafunikwa na matangazo ya viwanja na vifaranga.

Hata hivyo, msongamano si ubaya mkubwa. Kiungo kikiletwa na mgeni tunakishuku. Kikiletwa na mtoto wa kaka tunakibonyeza bila kufikiri. Matapeli wanalijua hilo vizuri sana. Na yuko ndugu anayeandika, "Nimepata duka zuri la mbegu, jaribuni," kumbe duka ni la mkewe, au analipwa kwa kila mteja anayempeleka.

Makundi mengine yamepiga marufuku biashara kabisa. Mimi sioni kama inafaa, maana nusu ya wanachama ni wafanyabiashara, na asiyeuza kwa nduguze atauza kwa nani kwanza? Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015 inatupa kipimo kizuri, ingawa sidhani walioitunga walifikiria ukoo wa mtu. Inataka anayetuma tangazo la biashara awe na ridhaa ya mpokeaji, ajitambulishe mwanzoni na kueleza nia yake, na ampe mpokeaji njia ya kukataa.

Ukoo wetu ulikaa mwezi mzima ukibishana. Mwishowe tukakubaliana: matangazo Jumamosi tu, kwa ruhusa ya msimamizi, kukiwa na msiba hakuna tangazo hadi matanga yaishe, na mwenye mali aseme ni yake. Anayekiuka, msimamizi anafuta ujumbe wake kwa wote, maana simu inamruhusu.

Mwenye vifaranga alinuna wiki mbili. Jumamosi ya tatu akaandika: "Vifaranga ni vyangu mwenyewe, vimechanjwa, asiyetaka apite." Vilikwisha kabla ya saa sita mchana.