Nchi Baridi na Tamaa ya Mlowezi

Wareno walifika pwani ya Afrika Mashariki mwaka 1498. Mwaka 1593 walianza kujenga Ngome ya Yesu huko Mombasa, na mwaka 1698 ngome hiyo ikatwaliwa na Waarabu wa Omani. Baada ya miaka mia mbili ya kuja na kwenda, hawakuacha nyuma yao jamii yoyote ya wakulima wa Kizungu. Lakini Waingereza, waliokuja baadaye sana, waliyagawanya mashamba ya bara ya Kenya kwa walowezi katika muda usiozidi umri wa mtu mmoja. Yafaa tuulize sababu ya tofauti hiyo.

Sababu ya kwanza ni kimo cha nchi. Mombasa iko usawa wa bahari. Nairobi iko juu kiasi cha futi 5,500, na Limuru imepita futi 7,000. Kadiri mtu anavyopanda ndivyo usiku unavyokuwa wa baridi na mbu wa malaria wanavyopungua. Mbung'o naye, adui wa ng'ombe na farasi, hapendi baridi. Palipo na mbung'o, maksai hafi kwa uzee; na pasipo maksai, mlowezi wa siku zile hakuwa na wa kuvuta jembe lake wala gari lake.

Kwa sababu hiyo hiyo Waingereza hawakujazana katika Afrika Magharibi. Homa iliua wengi wao katika pwani ile hata wakaiita kaburi la Mzungu. Walikwenda huko kama wafanya biashara, wamisionari na maofisa, na kakao ya Ghana ikabaki mikononi mwa wakulima Waafrika. Katika Tanganyika pia, Wajerumani waliifuata milima: Usambara, Kilimanjaro, Meru na nchi za juu za Iringa. Katika joto la Tanga, ambako Richard Hindorf alileta mkonge kutoka Florida mwaka 1893, mashamba makubwa yakawa hasa ya makampuni, na Mzungu akawa meneja zaidi kuliko kuwa mwenye makao.

Sababu ya pili ni reli. Ilianza kujengwa Mombasa mwaka 1896, ikafika ziwa Viktoria mwaka 1901. Iligharimu fedha nyingi, na njiani haikuwa na mizigo ya kutosha. Sir Charles Eliot, aliyekuwa mkuu wa serikali ya Kiingereza huko tangu 1900 hata 1904, aliona kwamba walowezi ndio watakaoilipia. Mwaka 1902 ikatungwa sheria ya kuwakodisha ardhi kwa miaka 99, na ile ya mwaka 1915 ikaongeza muda hata kufikia miaka 999.

Hapa twamwomba msomaji asimame kidogo. Hewa na kimo vyatuonyesha mahali mlowezi alipopapenda. Havituonyeshi jinsi alivyopapata.

Walowezi walidai kwamba waliikuta nchi tupu. Ni kweli kwamba sehemu nyingine zilionekana tupu. Lakini katika miaka ya 1890 sotoka ilikuwa imemaliza ng'ombe wa Wamasai, ndui ikaua watu, na mwisho wa miaka hiyo ukame ukaleta njaa kuu. Nyumba ambayo wenyewe wamelazwa na ugonjwa haikosi mwenyewe. Mwaka 1904 Wamasai walihamishwa kutoka Bonde la Ufa, wengi wao wakapelekwa Laikipia, kwa ahadi kwamba mapatano hayo yangedumu maadamu kabila lao lipo. Ahadi hiyo ilidumu miaka saba. Mwaka 1911 wakaamriwa kuhama tena kwenda kusini, na walipokwenda mahakamani mwaka 1913 wakaambiwa kwamba mahakama haikuwa na uwezo wa kuamua jambo hilo.

Hata baridi yenyewe haikumtii mlowezi kila mara. Lord Delamere alipoanza kufuga huko Njoro, mifugo yake ilidhoofika na kufa, maana ardhi ile ilipungukiwa na madini yanayohitajiwa na wanyama. Ngano yake nayo ikapigwa na kutu. Kumbe hewa inayomfaa bwana yaweza isimfae kondoo wake.

Jambo zito zaidi ni fikira iliyojificha ndani ya mpango wote: kwamba nchi yenye afya ni ya Mzungu, na yenye homa yamtosha Mwafrika. Mwaka 1951 Wameru wapatao 3,000 waliondolewa kwa nguvu Ngare Nanyuki, kati ya Meru na Kilimanjaro, ili mahali pao pawe malisho ya ng'ombe wa walowezi. Walipewa Kingori, palipo chini na penye joto zaidi, nao wakalalamika kwamba pana homa. Mwaka 1952 Kirilo Japhet alilipeleka shauri lao mbele ya Umoja wa Mataifa huko New York. Malaria haikujua rangi ya mtu, lakini waliochora mipaka walifanya kana kwamba yajua.

Wazee wetu husema: Mgeni njoo, mwenyeji apone. Mgeni huyu alipokuja, mwenyeji ndiye aliyefunga mizigo. Leo sheria zilizotenga nchi za juu kwa rangi hazipo tena; Kenya ilizifuta kabla ya uhuru wake wa mwaka 1963. Hata hivyo madai ya ardhi yaliyozaliwa siku zile bado yanasikika, na bado wapo wasemao kwamba mambo hayo yalitokana na tabia ya nchi tu. Tuwajibu kwa upole, lakini kwa hakika. Mlima una baridi yake tangu zamani, na wenyewe waliishi nayo. Hati za miaka 999 ziliandikwa na watu, na ni haki watu waulizwe habari zake.