Kumbe hajanuna, ameumia

Fumo Liyongo, shujaa wa pwani ya kaskazini ya Kenya, wengi tunamjua kwa nguvu zake. Lakini uchungu wenyewe uko mwishoni, kama anavyosimulia Muhammad Kijumwa katika utenzi wa mwaka 1913.

Liyongo hakudhurika kwa silaha yoyote isipokuwa sindano ya shaba kitovuni. Siri hiyo alimwambia mwanawe wa kumzaa. Kijana, kwa kuahidiwa binti wa sultani wa Pate, akamchoma baba yake usingizini. Liyongo akaamka, akashika upinde, akapiga goti karibu na kisima, akakata roho vile vile. Watu wakaogopa kuteka maji. Mama yake akaja kumbembeleza kwa mbali, akidhani mwanawe ana hasira. Mpaka alipoanguka ndipo wakajua.

Na sisi je? Mwenzio akikaa kimya siku tatu, unasema kanuna, unampisha njia. Kumbe ana kidonda, pengine kwa siri aliyokuamini nayo, ukaipeleka kwa marafiki zako. Usimbembeleze kwa mbali. Sogea, muulize nani kamuumiza, na uwe tayari kusikia jina lako.