Mtambo na Mchimbaji: Faida na Hasara za Ajira katika Migodi Mikubwa

Kijana atafutaye riziki katika ukanda wa dhahabu wa Shinyanga na Geita aghalabu huwa na njia mbili mbele yake. Ya kwanza ni machimbo madogo, ambako malipo hutokana na mgao wa mawe: mwamba ukikosa dhahabu, jasho limepotea. Ya pili ni kuajiriwa na kampuni kubwa itumiayo mitambo, kama zile za Geita, mgodi uliofunguliwa upya mwaka 2000, na Bulyanhulu, ulioanza kuzalisha mwaka 2001. Wengi hudhani njia hii ya pili haina kasoro. Yafaa ipimwe pande zote.

Faida zake ni dhahiri. Mshahara hautegemei jiwe la siku hiyo. Mtambo wa kuzoa mwamba huweza kuongozwa kutoka mbali, hivyo mtu hasimami chini ya paa lililotikiswa na baruti. Katika machimbo madogo dhahabu hunaswa kwa zebaki, kisha zebaki huchomwa, na mvuke wake hudhuru mishipa ya fahamu. Kiwanda kikubwa hutumia sayanaidi. Hiyo nayo ni sumu kali, lakini huwekwa ndani ya matangi na kutiwa chokaa ili isigeuke kuwa gesi. Aidha, fundi wa injini au umeme hupata ujuzi unaohitajika hata nje ya mgodi.

Hasara, kwa upande mwingine, huja polepole. Dhahabu mara nyingi hukaa pamoja na jiwe jeupe lenye silika. Jiwe hilo likisagwa hutoa vumbi ambalo chembe zake hatari ni ndogo kuliko sehemu ya mia ya milimita. Hupenya hadi ndani kabisa ya mapafu na kuacha makovu. Ugonjwa huo, silikosisi, hauna dawa ya kuuponya, hurahisisha kifua kikuu, na kwa kawaida hujitokeza baada ya miaka mingi, pengine mfanyakazi akiwa amekwisha kuacha kazi. Kelele za mitambo nazo huua usikivu bila maumivu, na zamu za usiku huvuruga usingizi.

Hasara nyingine ni kwamba mgodi una umri wake. Mgodi wa zamani wa Geita ulifungwa mwaka 1966. Buzwagi, karibu na Kahama, ulianza mwaka 2009 ukasimamisha uzalishaji mwaka 2021. Hata mwamba usipokwisha, ajira yaweza kukatika: mwaka 2017, baada ya Serikali kuzuia usafirishaji wa makinikia nje ya nchi, kazi ya uchimbaji Bulyanhulu ilisimama na wengi wakapunguzwa.

Kwa hiyo mshahara wa mwezi ni wa hakika kuliko ajira yenyewe. Mfanyakazi mwenye busara hujipatia mambo mawili mapema. La kwanza ni cheti cha ufundi kinachotambuliwa kokote, kwani uzoefu usio na cheti hubaki langoni mwa mgodi. La pili ni kumbukumbu za vipimo vya mapafu na masikio tangu siku ya kuajiriwa. Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi ya mwaka 2008 inayatambua maradhi yatokanayo na kazi. Lakini maradhi yajitokezayo baada ya miaka mingi huhitaji ushahidi, na ushahidi huo hukusanywa mtu angali mzima.