Rafiki wa Merikebuni

Watu husema kwamba urafiki wa safarini huishia gatini. Maana yake ni kuwa wale mliokula pamoja na kulala pamoja chomboni kwa siku tatu au nne, mkazungumza na kucheka, mkifika bandarini kila mmoja hutwaa mzigo wake akaenda zake, wala hamwonani tena. Basi mtu wa namna hii, je, yafaa kumwita rafiki? Au ni mpita njia tu aliyetupunguzia uchovu?

Swali hili lililetwa kwetu na mama mmoja ambaye mwanawe amekusudia kwenda Mombasa kutafuta kazi katika meli za matembezi, yaani zile meli kubwa ziwachukuazo watalii toka bandari hata bandari, si kwa biashara, bali kwa kutazama ulimwengu na kupumzika. Mama alikuwa na hofu. Akasema, "Mwanangu atakaa na watu asiowajua, juu ya maji yasiyo na njia. Akipatwa na jambo, nani atakuwa ndugu yake?" Hatukumjibu siku ile, kwa kuwa swali la mzazi si la kujibiwa kwa haraka. Tumeona vema kumjibu hapa, ili wazazi wengine nao wasikie.

Kwanza tukumbuke mambo ya kwetu. Wazee waliosafiri katika Liemba, ile meli iliyoundwa Ujerumani mwaka 1913 ikaletwa vipande vipande hata Kigoma, wanajua desturi ya Ziwa Tanganyika. Vijiji vingi havikuwa na gati. Meli ilisimama mbali na pwani, pengine usiku wa manane, na mashua zikaja ubavuni mwake zikiruka juu ya mawimbi. Mama mwenye mtoto hakuweza kupanda huku amembeba. Basi alimwinua mtoto juu, na mtu aliyekuwa melini akanyosha mikono akampokea. Mtu yule alikuwa nani? Mama hakujua jina lake wala kabila lake. Lakini alimpa mtoto, naye hakumwangusha. Tangu hapo mpaka mwisho wa safari walikuwa kama watu wa nyumba moja.

Hayo ni ya ziwa letu. Sasa tutasimulia habari mbili za bahari kuu, moja ya zamani na moja ya karibu zaidi, ambazo zote mbili zilianza kwa watu kwenda kujifurahisha.

Tarehe 11 Aprili 1912 merikebu iitwayo Carpathia iliondoka New York kwenda bandari za Bahari ya Mediterania. Ndani yake walikuwamo watu wa kila hali: wengine waliokuwa wakirudi makwao, na wengine wenye mali waliokwenda kutembea na kuota jua. Usiku wa kuamkia tarehe 15, kijana wa simu ya upepo, Harold Cottam, alikuwa tayari kwenda kulala. Alikuwa amekwisha anza kuvua nguo zake, lakini vyombo vya kusikilizia vilikuwa bado masikioni. Ndipo aliposikia habari ya kutisha: merikebu mpya Titanic, ambayo watu waliisifu sana, ilikuwa imegonga mlima wa barafu, nayo yaomba msaada.

Nahodha Arthur Rostron hakushauriana na mtu. Aligeuza merikebu mara moja. Mahali palipotajwa palikuwa mbali kadiri ya maili 58 za baharini. Aliamuru mvuke uliokuwa ukipasha moto vyumba vya abiria ukatwe, ili nguvu zote ziende katika mitambo. Vyumba vikapoa, na abiria wakaamka wakiuliza kuna nini. Wakaambiwa. Jikoni mlipikwa supu na kahawa, mablanketi yakakusanywa, na kumbi za kulia zikatengenezwa ziwe mahali pa kuwauguza watu.

Yapata saa kumi alfajiri Carpathia ilifika, lakini Titanic haikuwapo. Ilikuwa imezama saa nane na dakika 20 usiku, na watu wapatao 1,500 walikufa. Palikuwa na mashua tu, zimetawanyika kati ya barafu. Hata kufika saa mbili na nusu asubuhi, watu wapatao 700 walikuwa wamekwisha pandishwa.

Sasa, wasomaji wetu, tazameni jambo lililotokea. Wale abiria wa Carpathia walikuwa wamelipa nauli ili wastarehe. Hakuna mkataba uliowalazimisha kutoa kitu. Hata hivyo wengi waliwaachia wageni vyumba vyao vya kulala, wakalala wenyewe chini. Walitoa nguo masandukuni, na wanawake wakayakata mablanketi wakawashonea watoto. Merikebu iligeuka nyuma, ikafika New York usiku wa tarehe 18 Aprili, na matembezi yao yakaanza upya toka mwanzo.

Na miongoni mwa waliookolewa alikuwako mama mmoja wa Marekani, Margaret Brown. Yeye mwenyewe alitoka mashuani na baridi mwilini, lakini hakukaa kujililia. Kwa kuwa alijua lugha kadha za Ulaya, aliwaendea wanawake wahamiaji waliofiwa na waume zao, wasiojua Kiingereza, wasio na wa kusema naye, akakaa nao akawasikiliza. Kisha aliunda halmashauri ya abiria kuwachangia maskini, na kabla merikebu haijafika bandarini walikuwa wamekwisha pata ahadi za fedha karibu dola 10,000. Tena urafiki ule haukuishia gatini. Mwezi Mei mwaka ule ule mama huyu, kwa niaba ya waliookoka, alimkabidhi Nahodha Rostron kikombe cha fedha, na mabaharia wakapewa nishani.

Carpathia yenyewe ilizamishwa na manowari ya Kijerumani ya chini ya maji tarehe 17 Julai 1918, wakati wa vita. Watu watano walikufa. Waliobaki walikaa katika mashua zao wakingoja, kama walivyongoja wale wa mwaka 1912, mpaka manowari ya Kiingereza ilipokuja ikawachukua. Waliookoa waliokolewa nao.

Habari ya pili ni ya Afrika. Tarehe 3 Agosti 1991 meli ya matembezi iitwayo Oceanos, mali ya Wayunani, iliondoka East London katika Afrika Kusini kwenda Durban. Upepo ulikuwa mkali na mawimbi makubwa mno. Usiku ule watumishi walishindwa hata kuandaa chakula, kwa kuwa sahani zilimwagika mikononi mwao. Yapata saa tatu na nusu maji yaliingia katika chumba cha mitambo, umeme ukazimika, na meli ikaachwa ichezewe na mawimbi.

Abiria walikusanyika ukumbini gizani. Hakuna aliyewaambia neno la hakika. Kati yao walikuwamo wapiga muziki na wafanya mazingaombwe walioajiriwa kuwachekesha watalii. Mmoja wao, mpiga gitaa aitwaye Moss Hills, alikuwako pamoja na mkewe Tracy. Walianza kuimba na kupiga gitaa ili watu wasiingiwe na hofu. Lakini Hills aliona mambo yasiyompendeza: maofisa wakipita wamevaa maboya ya kuokolea, wala hawasemi kitu. Alishuka chini na mwenzake kutazama, wakayakuta maji. Ndipo walipojua kwamba meli yazama.

Wazee wetu walisema kuwa manahodha wengi chombo huenda mrama. Hawakutuambia chombo kisicho na nahodha huendaje. Baadhi ya mabaharia na maofisa walikwisha ingia katika mashua za kwanza. Hills na wenzake, ambao hawakufundishwa kazi ile, walishika kamba wakashusha mashua zilizobaki. Yeye alisimama mguu mmoja mashuani na mmoja sitahani, meli ikiyumba, akawapitisha watu mmoja mmoja. Meli ilipoinama sana hata mashua hazikuweza kushushwa tena, alikwenda mahali pa usukani kutafuta wakubwa, asimkute mtu. Akatwaa simu ya upepo akaita. Nahodha wa meli nyingine alimwuliza cheo chake. Akajibu kwamba hana cheo, yeye ni mpiga gitaa tu.

Kulipopambazuka zilikuja helikopta za jeshi la Afrika Kusini, zote jumla 16, na wazamiaji wawili wa jeshi la majini wakateremshwa kwa kamba kuwasaidia. Wapiga muziki waliwafunga abiria mikanda, wakavutwa juu wawili wawili. Nahodha mwenyewe alikwisha ondoka kwa helikopta huku abiria wengi wakali wangaliko. Watu zaidi ya 200 walichukuliwa kwa njia ya angani, na waliokuwa mashuani waliokotwa na meli zilizokuwa karibu. Hills na mkewe walikuwa miongoni mwa watu wa mwisho kutoka. Alasiri ya tarehe 4 Agosti Oceanos ilizama. Walikuwamo watu 571, na wote 571 waliokoka. Baadaye baraza la uchunguzi la Wayunani liliona kwamba nahodha na baadhi ya maofisa wake walizembea kazi yao.

Basi tupime. Nahodha alikuwa na cheo, na mpiga gitaa hakuwa nacho. Nahodha alijuana na abiria kwa saluti na mpiga gitaa alijuana nao kwa nyimbo za jioni. Saa ilipogeuka, yupi alikuwa ndugu yao? Mithali yetu imekwisha jibu: akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki. Haikusema akufaaye kwa miaka mingi. Tunakosea tunapoupima urafiki kwa siku, kana kwamba ni mshahara. Wako majirani wa miaka 20 ambao hawajawahi kutuachia mkeka, na wako wageni wa usiku mmoja waliotuachia chumba.

Lakini tusiseme kwamba kila mgeni ni mwema. Baharini, kama nchi kavu, wako wezi na wasemao uongo, na msafiri mwenye busara hufunga sanduku lake. Neno letu ni hili: usingoje hatari ndipo uanze kumtafuta rafiki. Wale abiria wa Oceanos waliwatii wapiga muziki gizani kwa kuwa walikwisha wazoea mwangani.

Kwa hiyo twawashauri vijana waendao kazi au safari ya majini mambo matatu. La kwanza, siku ya kwanza mwulize mwenzako wa chumba jina lake na kwao ni wapi, nawe umwambie lako. La pili, jifunze maboya yawekwapo na mashua zishushwavyo. Tangu mwaka 2015 sheria ya mataifa inataka abiria wapya wafundishwe jambo hili kabla meli haijaondoka au mara inapoondoka. Usisinzie wakati ule ukidhani ni kazi ya wakubwa. La tatu, usiseme, "Mimi ni mpishi tu," au "Mimi ni mfuaji wa nguo tu." Saa isiyotazamiwa haiulizi cheo.

Habari hizi zote tulimsomea yule mama nyumbani kwake, mwanawe akiwapo. Alisikiliza mpaka mwisho, mikono mapajani. Tulipofika penye mpiga gitaa alicheka kidogo, kisha akanyamaza muda mrefu. Mwisho alimgeukia kijana akasema, "Haya, nenda. Lakini katika barua yako ya kwanza usiniandikie habari za ukubwa wa meli. Niandikie jina la mtu alalaye karibu nawe, na jina la mama yake, nipate kumjua."

Nasi hatukuona la kuongeza.