Bosi alishakukata ushuru, mbona iTax inasema unadaiwa?

Ikifika Juni, saiba za Mlaleo, Magongo na zile za Likoni karibu na feri hujaa kama matatu ya saa kumi na mbili jioni. Kila mtu ameshika kitambulisho na karatasi ya P9 iliyokunjwa mara nne, na foleni haisongi. Mwisho wa kuwasilisha ritani ya mwaka wa 2025 ni tarehe 30 Juni 2026, na sisi watu wa Mombasa, tusidanganyane, tunaipenda sana hiyo siku ya mwisho.

Ukiikosa, faini ya mtu binafsi ni Sh2,000 au asilimia 5 ya ushuru unaodaiwa, yoyote iliyo kubwa. Hiyo ni ya mwaka mmoja. Kijana aliyechukua PIN akiwa na miaka 18 ili aombe mkopo wa HELB, kisha akaisahau kwa miaka mitano, ana faini ya Sh10,000 inayomngoja hata kama hajawahi kuajiriwa siku moja. Ataijua siku anayotafuta cheti cha KRA cha kuonyesha hana deni la ushuru, kile kinachoitishwa pamoja na cheti cha tabia njema na barua ya HELB kwenye nafasi nyingi za kazi za serikali. Kazi imetangazwa, siku ni chache, na cheti hakitoki.

Kwa miaka kadhaa sasa nawajazia ritani mabeste na majirani, huku nikiwaonyesha ili mwaka unaofuata wajijazie. Mimi si mhasibu, na chuo sikumaliza. Lakini shida ninazoziona ni zilezile kila mwaka, na nyingi si za mtambo. Aidha nambari imewekwa mahali si pake, au akaunti iko mikononi mwa mtu mwingine. Hebu tuzipitie moja moja.

PIN ni yako, ama ni ya jamaa wa saiba?

Wengi wetu PIN tulitengenezewa saiba. Jamaa akakuuliza imeli, ukamwambia huna, akaweka yake. Nywila akaiandika kwenye daftari lake. Leo saiba imefungwa, jamaa amehamia Malindi, na wewe huwezi kuingia kwenye akaunti yako mwenyewe.

Kama imeli iliyosajiliwa ni yako, mambo ni rahisi. Nenda iTax, andika PIN yako, halafu bonyeza palipoandikwa kuwa umesahau nywila. Mfumo utakutumia nywila ya muda kwenye imeli, na ukiingia utaibadilisha. Ikikosekana, angalia kwenye taka za imeli kabla ya kulalamika. Usibahatishe nywila mara nyingi pia, maana akaunti hujifunga.

Kama imeli si yako, lazima KRA waibadilishe baada ya kuhakikisha wewe ndiye mwenye PIN. Piga simu kituo chao cha huduma, 0711 099 999, au nenda Huduma Centre pale Posta, Digo Road, ukiwa na kitambulisho chako halisi. Kwa mtu wa Likoni hiyo ni safari ya feri, na wa Kisauni atapita Nyali Bridge na foleni yake. Lakini ni safari ya mara moja tu. Ukishapata imeli yako na nywila yako, saiba utaenda kwa sababu ya intaneti na printa, si kwa sababu yeye ndiye mwenye funguo za nyumba yako.

Na ukiwa saiba, andika nywila wewe mwenyewe. Ukimaliza, toka kwenye akaunti kabla hujainuka kitini.

Deni hewa

Hili ndilo linalowatisha watu zaidi. Umeajiriwa, kila mwezi payslip inaonyesha PAYE imekatwa, lakini ukijaza ritani mfumo unakwambia unadaiwa maelfu. Wengine huona hivyo, wakafunga kompyuta na kujaza sifuri. Usifanye hivyo. Tufanye hesabu kwanza.

Tuchukue mfano wa kijana anayefanya kazi kwenye yadi ya makontena kule Changamwe, mshahara Sh30,000 kwa mwezi, mwaka mzima wa 2025. Kila mwezi anakatwa NSSF Sh1,800, SHIF Sh825 ambayo ni asilimia 2.75, na ada ya nyumba Sh450 ambayo ni asilimia 1.5. Hizo tatu huondolewa kabla ya ushuru kupigwa. Kinachobaki ni Sh26,925.

Sasa ushuru. Sh24,000 za kwanza ni asilimia 10, yaani Sh2,400. Sh2,925 zilizobaki ni asilimia 25, yaani Sh731 na senti kidogo. Jumla kama Sh3,131. Kisha kuna afueni ambayo kila mkaazi anapewa, Sh2,400 kwa mwezi. Ukiitoa, PAYE inabaki Sh731 kwa mwezi, au Sh8,775 kwa mwaka. Bosi amekata, amepeleka, hakuna deni.

Angalia sasa jinsi deni hewa linavyozaliwa:

Akisahau kuweka afueni ya mwaka mzima, ambayo ni Sh28,800, mfumo utamwambia anadaiwa Sh28,800.

Akisahau kujaza NSSF, SHIF na ada ya nyumba, mfumo utatoza mshahara wote wa Sh360,000, na atatokea na deni la Sh9,225.

Akijaza mshahara halafu aache wazi sehemu ya PAYE iliyokatwa, atadaiwa Sh8,775 zilezile alizokwisha kulipa.

Kwa hiyo ukiona deni, usitetemeke. Chukua kikokoteo cha simu, ulinganishe hiyo namba na hizi tatu kwenye P9 yako. Mara nyingi itafanana na mojawapo, na hapo ushajua ulichoruka.

Kwenye fomu, sehemu za kuangalia ni tatu. Sehemu F ni ya mshahara. Hapo unaweka PIN ya mwajiri, ambayo kwa kampuni huanza na herufi P, wakati yako huanza na A. Sehemu M ni ya PAYE iliyokatwa. Sehemu T ndiyo ya hesabu yenyewe, na huko ndiko makato na afueni huonekana. Mstari wa mwisho ukisoma sifuri, au shilingi moja mbili za kukadiria senti, uko sawa.

Tahadhari moja: utaratibu wa kuondoa SHIF na ada ya nyumba kabla ya kupiga ushuru ulianza tarehe 27 Desemba 2024. Kabla ya hapo kulikuwa na afueni ya asilimia 15 badala yake. Ukifuata video ya YouTube ya miaka ya nyuma, utajaza vizuri kabisa kwa sheria ambayo haipo tena. Tazama tarehe ya video kabla ya kumwamini mwalimu.

Kuna deni moja ambalo si hewa. Kama ulikuwa na kazi mbili kwa miezi ileile, na kila mwajiri akakupa afueni ya Sh2,400, ujue sheria inakupa moja tu. Ile ya pili utairudisha. Pia mishahara miwili ikijumlishwa inaweza kukupandisha kwenye kiwango cha juu cha ushuru.

Sehemu za mwajiri zinakuja tupu

Siku hizi iTax huvuta yenyewe taarifa za mshahara kutoka kwa ripoti ambazo mwajiri hupeleka KRA kila mwezi. Ukifungua ukakuta miezi minane badala ya kumi na miwili, au hakuna kitu kabisa, inawezekana mwajiri hakupeleka ripoti, au alipeleka kwa PIN yenye kosa.

Hapo usianze kubuni namba. Linganisha P9 na payslip zako mwezi kwa mwezi, halafu mwandikie mtu wa mishahara. Andika, usipige simu tu, ili ubaki na ushahidi. Kama alikukata na hakupeleka, hilo ni kosa lake, lakini bila P9 na payslip huwezi kulithibitisha. Ndiyo maana nasema payslip usitupe. Zipige picha, ziweke kwenye imeli yako.

Jibu la "Yes" linalokuletea balaa

Mwanzoni mwa fomu kuna maswali ya ndio au la. Una mkopo wa nyumba? Una bima ya maisha? Una mapato mengine? Unajaza kwa niaba ya mkeo? Watu hubonyeza ovyo ili wapite haraka.

Kila ukijibu ndio, fomu inafungua ukurasa mwingine ambao ni lazima ujazwe. Ukisema una mkopo wa nyumba na hali umepanga chumba Mtongwe, fomu itakudai taarifa za mkopeshaji na riba, na haitakuachilia upite. Ukiona makosa usiyoyaelewa, rudi kwenye maswali hayo kwanza. Nusu ya vita huisha hapo.

Excel imegoma

Kama una mshahara tu, jaza fomu ya moja kwa moja kwenye tovuti. Hata simu inaweza. Ile ya Excel inahitaji kompyuta, na ina vituko vyake.

Ukiifungua na vitufe havifanyi kazi, makro zimezimwa. Excel siku hizi huzuia makro za faili zinazotoka kwenye intaneti. Funga faili, bonyeza kitufe cha kulia cha mausi juu yake, chagua "Properties", weka alama kwenye "Unblock", halafu ufungue upya na kuruhusu makro.

Ikikataa tarehe uliyoandika sawasawa, angalia mpangilio wa kompyuta. Fomu inataka siku, mwezi, mwaka. Kompyuta iliyowekwa kwa mtindo wa Marekani huanza na mwezi, na hapo mtagombana mpaka asubuhi. Badilisha mpangilio uwe wa Uingereza.

Ukimaliza, bonyeza "Validate". Makosa yatajipanga kwenye ukurasa wake, ukiyarekebisha itakutengenezea faili ya zip. Hiyo ndiyo unayoipakia kwenye iTax. Usiifungue, wala usiibadilishe jina.

Sifuri isiyo sifuri

Ritani ya sifuri ni ya mtu ambaye hakuwa na mapato yoyote mwaka huo. Mwanafunzi, au aliyekuwa nyumbani akitafuta kazi. Hujazwa kwa dakika chache.

Lakini ulifanya kazi hotelini miezi mitatu, mwajiri akakata PAYE, kisha saiba wanakujazia sifuri kwa sababu ndiyo ya haraka? KRA tayari wana jina lako kwenye ripoti za mwajiri. Umetia saini kwamba hukupata kitu, na wao wana karatasi inayosema ulipata. Mwambie jamaa wa saiba mapema: "Kaka, mimi nina P9." Usingoje akuulize.

Wenye biashara nao wasijifiche kwenye sifuri. Kama mauzo yako ya mwaka yanazidi Sh1 milioni lakini hayafiki Sh25 milioni, kuna ushuru wa mauzo wa asilimia 3, unaolipwa kufikia tarehe 20 ya mwezi unaofuata. Mauzo ni kila kinachoingia, si faida. Duka la mitumba la Kongowea linalouza Sh3,000 kwa siku, kila siku, limeshavuka milioni moja kwa mwaka.

Umeshakosea tayari?

Ritani iliyojazwa vibaya hurekebishwa. Ndani ya iTax kuna sehemu ya kuwasilisha ritani iliyosahihishwa. Unachagua mwaka, unajaza upya, unapata risiti mpya. Fanya hivyo mwenyewe kabla ya kuandikiwa barua.

Kama uliruka miaka, jaza kila mwaka peke yake, ukianzia wa zamani. Ule msamaha wa faini na riba ambao watu bado wanautaja maskani uliisha tarehe 30 Juni 2025, kwa hiyo usikae ukiungoja. Kujaza leo hakufuti faini ya jana, lakini kunazuia nyingine isiongezeke juu yake.

Mwisho, pakua ile risiti yenye namba na uisome. Hakikisha jina ni lako, PIN ni yako, na mwaka ni kuanzia 01/01/2025 hadi 31/12/2025. Itume kwenye imeli yako mwenyewe. Halafu mwite mdogo wako aliyechukua PIN juzi kwa ajili ya HELB, umwonyeshe jinsi ya kujaza sifuri yake kabla hajaanza kudaiwa Sh2,000.