Fimbo kutoka Ngome Kongwe: je, itamhimili mzee?

Msikilizaji wetu mmoja wa Isongole ametuuliza kuhusu fimbo. Mwanawe alikwenda Unguja akamletea zawadi: fimbo nyeusi inayong'aa, kichwani imechongwa simba, ubavuni imeandikwa Zanzibar. Aliinunua jirani na Ngome Kongwe, akaambiwa ni mpingo. Mzee anauliza: ni mpingo kweli? Na anaweza kuiegemea akishuka bondeni wakati wa mvua?

Mzee wetu, shikamoo. Tuanze na ilikotoka.

Ngome Kongwe iko Mji Mkongwe, mkabala na Forodhani. Waarabu wa Oman waliijenga baada ya kuwafukuza Wareno mwaka 1698, mahali palipokuwa na kanisa la Wareno. Karne ya 19 ilitumika kama jela. Na neno letu gereza lenyewe limetokana na igreja, yaani kanisa kwa Kireno. Kule Kilwa Kisiwani ngome ya kale inaitwa Gereza mpaka leo. Siku hizi ndani ya Ngome Kongwe kuna jukwaa la maonyesho na maduka ya vinyago na zawadi. Wazee wa pwani wenyewe hushika bakora, na inayosifika ni ya mtobwe. Fimbo ya simba ni ya mgeni anayetaka kumbukumbu.

Sasa mti. Mpingo unapatikana kwa wingi kusini, Kilwa, Lindi na Ruvuma. Hukua polepole mno, miaka 70 na zaidi kabla ya kufaa kuvunwa, na ndio unaotengenezewa zumari za Ulaya. Ndiyo maana ni ghali, na ndiyo maana wengine hupaka mti wa kawaida rangi nyeusi au kiwi ya viatu.

Chukua kitambaa cheupe chenye spiriti kidogo, sugua sehemu isiyoonekana. Kitambaa kikiwa cheusi sana, shuku. Kisha kwaruza kidogo chini kabisa, panapogusa ardhi. Mpingo ni mweusi mpaka ndani. Mti uliopakwa utaonyesha weupe. Ila mchirizi wa rangi ya maziwa pembeni usikutishe, mpingo nao una sehemu nyeupe karibu na gome. Mwisho, uzito: mpingo huzama majini, mbao nyingi za kawaida huelea.

Lakini hata ikiwa mpingo halisi, bado hatujajibu swali la pili, na kwetu hilo ndilo kubwa. Fimbo nyingi za zawadi hukatwa vipande viwili au vitatu vinavyofungwa kwa skrubu, ili mgeni aziingize kwenye begi. Pale kwenye kiungo ndipo penye udhaifu. Mzee akiteleza na kuitupia uzito wote, skrubu inaweza kung'oka, na nyonga ikivunjika kwa mtu mzima ni miezi ya kulala kitandani. Gundi haiondoi tatizo hilo. Kama fimbo yako ina kiungo, au inacheza hata kidogo ukiibana, ishike kwenye vikao na harusi tu. Ya mlimani kata mti mmoja mgumu, mkavu, usio na ufa. Wachongaji wa hapo Ileje hawashindwi.

Kama haina kiungo, pima urefu. Vaa viatu unavyotembelea, simama wima, mikono ining'inie. Mshikio uwe usawa wa kifundo cha mkono. Fimbo za watalii mara nyingi huwa ndefu kuliko hapo. Ikatwe chini, si juu. Ncha yake ivalishwe mpira, hata wa tairi kuukuu, na mpira ukilainika kwa kutumika ubadilishwe.

Na ishike kwa mkono ulio upande wa mguu mzima. Wengi hufanya kinyume, huishika upande unaouma. Mguu mbovu unapokwenda mbele, fimbo nayo iende pamoja nao.